Bi Harusi na Mlango wa Pimbi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Kilima!

Juu ya kilima?

— Mji!

Na mji umeshikwa na nini usiporomoke?

— Ukuta!

Na ukuta una nini?

Mmenyamaza, eeh? Mlidhani leo nitawauliza yale yale ya kila siku. Sogeeni basi. Mwenye viazi avifukie kwenye jivu viive taratibu, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao. Ukuta una tundu, na hadithi yangu imo ndani ya tundu hilo.

Zamani, zamani hasa, babu wa babu yenu alipokuwa bado anatambaa, palikuwa na mji juu ya kilima ukiitwa Jiweni. Nyumba zake zilipangwa ngazi kwa ngazi, za mawe kutoka chini mpaka kiunoni, na kutoka kiunoni kwenda juu za fito na udongo, kisha nyasi. Ua wa huyu ulikuwa sawa na paa la yule. Ukimwaga maji ya vyombo bila kuangalia, ulikuwa umemwogesha jirani yako wa chini, na ugomvi wake hauishi leo.

Lango la mji lilikuwa fupi, likaitwa Inama. Jumbe aliinama, maskini aliinama, na mwenye kiburi aliinama mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alijigonga. Kutoka langoni zilipanda ngazi za mawe, nyembamba hata watu wawili wenye mizigo hawakuweza kupishana. Kwa hiyo palikuwa na sheria, na mtoto wa Jiweni aliijua kabla hajajua jina la baba yake: anayeshuka humpisha anayepanda. Awe nani, awe amebeba nini. Husimama kando, mgongo ukutani, mpaka mwenzake apite.

Na ukuta wenyewe sasa! Uliitwa Ukuta Mkuu. Haukuwa na chokaa wala udongo. Jiwe lilikaa juu ya jiwe kwa kukubaliana tu. Nyuma yake ndiko kulikokuwa na udongo wote wa mji, na nyumba zote, na mashamba ya migomba, na makaburi ya wazee. Ukuta uliushika mji kama kibwebwe kinavyoshika kiuno.

Mawe hayo yalitoka wapi? Niulizeni.

— Yalitoka wapi?

Yalikuwa ya pimbi. Watu wa kwanza wa Jiweni walitoka uwandani, wakikimbia wavamizi waliokuja kila mavuno kuchukua mtama na watoto. Walipanda, wakapanda, wakapanda, mpaka wakamkuta pimbi anaota jua juu ya jabali.

"Mnatafuta nini huku juu?" pimbi akauliza.

"Tunatafuta mahali pa kulala macho yote mawili yamefumba."

"Basi laleni hapa. Mawe ni yangu, chukueni mjenge. Lakini mkijenga ukuta, niachieni mlango."

"Mlango mkubwa kiasi gani?"

"Wa kunitosha mimi na wanangu. Kila baada ya hatua chache, mlango mmoja, chini kabisa."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Watu wakatazamana. Walidhani wamempunja mnyama wa watu. Wakajenga, wakaacha milango, na wanawake waliokuwa wakipanga mawe wakatunga wimbo:

*Jiwe juu ya jiwe,*
*pimbi apewe njia;*
*mgeni asiye mlango*
*hubomoa akaingia.*

Wimbo huo uliimbwa kwenye kujenga, ukaimbwa kwenye kutwanga, ukaimbwa kwenye kubembeleza watoto. Lakini wimbo ukiimbwa sana huwa kama mkeka wa mlangoni. Kila mtu anaukanyaga, hakuna anayeutazama.

Haya. Sasa nawaletea mtu.

Huko bondeni, katika nchi ya mtama na mibuyu, palikuwa na msichana akiitwa Nakijwa. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo ya mto. Siku ya soko alikuwa akiuza vibuyu, na pembeni yake alikaa kijana wa Jiweni, jina lake Kiangi, akiuza asali. Kiangi alikuwa mpole hata nyuki walimhurumia. Soko la kwanza alimwonjesha Nakijwa asali. Soko la pili alimwonjesha tena. Soko la tatu alirudi nyumbani na asali yote na hakuna aliyejua alikuwa ameuza nini, ila Nakijwa.

Posa ikaenda, posa ikajibiwa, siku ikapangwa. Na hapo ndipo mila ya Jiweni ikamsubiri bi harusi.

Mila yenyewe ilikuwa hivi. Kila anayeolewa Jiweni hujitwika jiwe kutoka mtoni, akapanda nalo bila kulitua chini. Akichoka, hukaa nalo mapajani. Akifika, hulipachika katika Ukuta Mkuu kwa mikono yake mwenyewe, kisha mbuzi wa harusi hupitishwa juu ya ukuta mahali hapo mara tatu. Jiwe likitikisika, mbuzi hurudi zizini na bi harusi hujaribu tena. Jiwe likitulia, mbuzi huenda chunguni na bi harusi huenda kuwasha moto katika mafiga yake. Jiwe hilo huwa lake mpaka kufa. Hakuna mkono mwingine unaoligusa. Na akiling'oa yeye mwenyewe, amejing'oa katika ndoa.

Na masika yakiingia jiwe halijakaa? Tone la kwanza likianguka, bi harusi hujitwika jiwe lake akarudi kwao. Hivyo tu. Hakuna cha kulia wala cha baba mdogo kuombea.

Nakijwa alikwenda mtoni akachagua jiwe refu, bapa, jeusi, kama ubao wa kukandia. Wenzake wakamcheka. "Wenzio huchukua la mviringo, wewe umechukua kitanda!" Nakijwa akacheka kuliko wao, akaweka kata kichwani, akapanda. Alipanda, akapumzika, akapanda, akapumzika, akapanda, akafika. Aliinama langoni jiwe likiwa mikononi, akainuka ndani ya mji, akamkuta mama yake Kiangi amesimama, mikono kiunoni.

Mama huyo aliitwa Namweta. Alikuwa na ulimi mkali na moyo laini, na kazi ya ulimi ilikuwa kuuficha moyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti wa bondeni. Umechelewa. Nilidhani umeolewa njiani."

"Jiwe lilikuwa linataka kutazama mandhari, mama."

Namweta akageuka upande ili asionekane akitabasamu.

Sasa, kiangazi kile Jiweni palikuwa na jambo jipya. Jumbe wa mji, Mrindoko, mtu wa kofia ndefu ya manyoya, alikuwa ametembelewa na wageni wa kilima cha pili. Mgeni mmoja alitazama Ukuta Mkuu na milango yake ya pimbi, akasema, "Ukuta wenu una mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno." Watu walicheka. Mrindoko hakucheka. Hakulala vizuri, hakula vizuri, hata kofia ikaanza kumpwaya.

Akaita watu uwanjani. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema. "Wazee walisema. Kuanzia leo kila bi harusi ataweka jiwe lake katika tundu. Nataka ukuta usio na pengo hata moja."

Methali ikitajwa nani atabisha? Watu wakaitikia. Wa kwanza kuziba alikuwa mke mpya wa Jumbe mwenyewe, Nasero, aliyeziba tundu kubwa kuliko yote, lile la chini ya nyumba ya Jumbe. Wakafuata bi harusi wengine, maana kiangazi ndio wakati wa harusi. Pimbi wakahama mlango hadi mlango, mpaka wote wakabanana katika mlango mmoja wa mwisho, kando ya ngazi.

Na mlango huo ndio aliopewa Nakijwa.

Asubuhi ya kwanza Nakijwa akaenda ukutani na jiwe lake. Jua lilikuwa limetoka. Kabla hajainama, pimbi mmoja mzee, mwenye masharubu, akatoa kichwa.

"Hodi," akasema pimbi.

"Wewe uko ndani, mimi niko nje," akasema Nakijwa. "Hodi ni ya nani?"

"Siku hizi sijui. Binti wa bondeni, niachie mlango wangu."

"Nikikuachia, nitakosa mume."

"Usiponiachia, nitakosa nyumba."

Nakijwa akarudi nyumbani. "Mkono umeniuma," akamwambia Namweta. Namweta akamkanda mkono kwa mafuta ya nyonyo na kunung'unika kwamba wasichana wa bondeni wameumbwa kwa uji.

Asubuhi ya pili Nakijwa akaenda tena. Pimbi akatoa kichwa, na chini ya kidevu chake vikatoka vichwa vingine vidogo, vingi, vyenye macho kama punje za mbaazi.

"Hodi. Binti wa bondeni, niachie mlango wangu."

"Nikikuachia, nitakosa mume."

"Usiponiachia, nitawakosa hawa, maana watalala nje na tai ana njaa."

Nakijwa akarudi nyumbani. "Kichwa kimeniuma," akasema. Namweta akamtazama sana. "Kesho kitauma nini? Maana viungo vinakuisha, mwanangu, na mawingu yanakusanyika."

Nakijwa hakulala usingizi. Alimpenda Kiangi kweli. Alipenda sauti yake, alipenda namna alivyoondoka nyumbani kabla ya jua ili nyuki wasimkasirikie. Alitaka mafiga yake, moto wake, chungu chake. Kule mlangoni kwa pimbi ndiko mlango wake yeye ulikokuwa, na milango hiyo miwili haikuweza kuwa wazi pamoja.

Asubuhi ya tatu mji wote ukatoka. Ngoma zikapigwa. Jumbe akaja na kofia. Mbuzi wa harusi akaletwa, mnene, amefungwa shanga shingoni. Na mbuzi, ambaye jambo hili lilimhusu sana, akamnong'oneza Nakijwa: "Dada, haraka haraka haina baraka."

Nakijwa akaliinua jiwe. Pimbi akatoa kichwa kwa mara ya tatu. Alimtazama tu.

Nakijwa akalitua jiwe chini.

Ngoma zikakatika. Kulitua jiwe chini ukutani, bila kulipachika! Wanawake wakajishika vinywa.

"Una nini wewe?" akafoka Jumbe.

"Jumbe, na heshima yako," Nakijwa akasema, na machozi yakimlengalenga, "mimi mwenyewe nimekuja kwenu natafuta mlango. Nitaupataje kwa kumfungia mwenzangu wake? Nipeni mahali pengine, popote, nitapachika jiwe langu sasa hivi."

"Hakuna mahali pengine. Usipoziba ufa utajenga ukuta!"

"Huu si ufa, Jumbe. Una mwenyewe."

"Basi ngoja masika, ujitwike jiwe lako urudi bondeni."

Kiangi akatoka mbele, yule mpole wa nyuki. "Akishuka, nami nashuka naye."

Hapo Namweta akakaa chini pwaa. Mwana wake alikuwa huyo mmoja tu. Mbuzi peke yake ndiye aliyerudi zizini akiwa na furaha.

Kuanzia siku hiyo Namweta alikuwa akitoka nje kila asubuhi, anayakemea mawingu. "Nendeni! Nendeni kwa wenye mashamba makavu!" Mawingu yakasogea, yakatulia, yakajaa. Na asubuhi moja, watu wakinywa uji, tone la kwanza likaanguka. La pili. La tatu. Kisha anga yote ikashuka.

Nakijwa akafunga kanga zake, akaweka kata kichwani, akajitwika jiwe lake refu. Kiangi akabaki nyuma kumuaga mama yake, na kuaga kule kulikuwa kuzito, maana Namweta alikuwa ameshika shati la mwanawe na haliachii. Nakijwa akatangulia. Akaanza kushuka ngazi peke yake, mvua ikimpiga, maji ya mvua na maji ya macho yakishindana kufika kidevuni.

Alishuka, akashuka, akashuka. Na katikati ya ngazi akakutana na watu wanaopanda. Nasema watu? Walikuwa pimbi. Pimbi mzee mbele, wanawe nyuma, wamelowa chepechepe, wanapanda mstari mmoja.

Sheria ni sheria. Anayeshuka humpisha anayepanda. Nakijwa akasimama kando, mgongo ukutani, jiwe kichwani, awapishe.

Na mgongo ukahisi kitu. Ukuta ulikuwa unatetemeka.

Akageuka. Ukuta Mkuu ulikuwa umetoa tumbo! Mahali palipozibwa, palivimba. Maji yalikuwa yanachungulia katikati ya mawe, yakitafuta, yakisukuma. Mahali pamoja tu ukuta ulisimama wima: pale kwenye mlango wa mwisho ambao yeye aliuacha. Hapo maji yalitoka kwa nguvu, mekundu ya udongo, yakiruka kama maziwa ya ng'ombe kwenye kibuyu. Hiyo ndiyo sababu pimbi walikuwa wamehama.

"Mmefukuzwa na nani?" Nakijwa akauliza.

"Na mgeni," akasema pimbi mzee, akijikung'uta. "Kila masika huja. Siku zote tulimpisha milangoni mwetu, yeye apite, sisi tukae juu kidogo tumngoje aishe. Mwaka huu amekuja na milango hana, ila mmoja. Naye ni mkubwa kuliko mlango mmoja."

Nakijwa akasikia wimbo kichwani, ule ambao Namweta alikuwa akiuimba akitwanga. Mgeni asiye mlango hubomoa akaingia. Akageuka akapanda mbio, jiwe kichwani, akiita kwa sauti ile ya kusikika ng'ambo ya mto.

"Ukuta! Ukuta! Mji unakwenda!"

Jumbe akatoa kichwa mlangoni kwake. "Umerudi tena wewe?"

"Imbeni!" Nakijwa akasema. Alikuwa hana pumzi ya kueleza. "Imbeni wimbo wenu wa jiwe!"

Wakadhani amerukwa na akili. Namweta peke yake ndiye aliyeimba, shati la Kiangi bado mkononi mwake. *Jiwe juu ya jiwe, pimbi apewe njia, mgeni asiye mlango...* Akanyamaza hapo hapo. Akatazama mvua. Akatazama miguu yake, maana ardhi ya ua wake ilikuwa imepasuka mstari mwembamba, unapanuka.

"Mama yangu wee," akasema Namweta. "Mgeni ni maji."

Mji wote ukakimbilia ukutani. Wanaume wakashika mitaimbo ya miti wang'oe yale mawe ya matundu, kisha mikono ikawarudi. Mawe ya bi harusi! Nani ataligusa jiwe la mke wa mwenziwe? Na wake wenyewe walisimama, kila mmoja analiona jiwe lake, kila mmoja anajua: akiling'oa, hana mume. Wakamtazama Jumbe. Jumbe akamtazama mkewe Nasero. Ukuta ukatoa sauti, ngurr, kama tumbo la mwenye njaa, na ukuta wa nyumba ya Jumbe ukapasuka kutoka juu mpaka chini.

Nasero akajifunga kanga kiunoni.

"Nasero!" akasema Jumbe. "Ukiling'oa hilo, wewe si mke wangu!"

"Na nisipoling'oa, bwana, nitakuwa mke wako ndani ya kifusi. Mvua ikiisha njoo unipose tena. Na uje na maneno mazuri kuliko yale ya kwanza."

Akashika jiwe lake kwa mikono miwili, akavuta. Halikutoka. Akavuta tena. Halikutoka. Akaweka mguu ukutani, akavuta mara ya tatu, na jiwe likatoka na mto nyuma yake! Maji yakamwangusha Nasero, yakamwangusha Jumbe aliyekuwa nyuma yake, yakaichukua ile kofia ya manyoya yakaenda nayo bondeni, na huko bondeni kuku wakaitagia mayai mpaka ikachakaa.

Wanawake wengine hawakungoja tena. Huyu akavuta lake, yule akavuta lake, wakiimba na kulia na kucheka kwa pamoja. Tundu baada ya tundu likafunguka. Maji yakatoka kwa adabu, kila mgeni na mlango wake. Tumbo la ukuta likashuka, jiwe likaketi juu ya jiwe, na ile ngurr ikaisha.

Mvua iliponyamaza, Jiweni ilikuwa bado juu ya kilima chake. Lakini nyumba nyingi hazikuwa na mke! Wanawake walikaa uwanjani kwenye mawe yao, wanasukana nywele, na waume zao wanapika. Harufu ya ugali ulioungua ilifika mpaka kilima cha pili. Wageni wale wakauliza, "Kuna vita?"

Jumbe akaja uwanjani kichwa wazi, kipara chake kinang'aa. Akasimama mbele ya Nakijwa, ambaye bado alikuwa amekaa na jiwe lake refu mapajani, maana hakujua kama ni la kupanda nalo au la kushuka nalo.

"Ufa huzibwa," akasema Jumbe taratibu. "Mlango hauzibwi. Nilisema methali ya kweli mahali pa uongo. Wewe ungekuwa mimi, ungefanya nini na mawe yote haya?"

"Mimi si wewe, Jumbe. Mimi ni mgeni na jiwe langu ni refu, halijapata pa kukaa."

Akalitazama jiwe lake, kama analiona leo. Akainuka, akaenda kwenye mlango ule wa mwisho. Maji yalikuwa yameulegeza upande wa juu. Akatoa vijiwe vilivyolegea, akaliinua jiwe lake refu, bapa, jeusi, akalilaza juu ya tundu, huku ncha moja na kule ncha ya pili, likawa kizingiti cha juu. Chini yake mlango ulikuwa wazi. Juu yake ukuta ulikuwa mzima. Lilikaa kama lililokatwa kwa ajili hiyo.

"Mleteni mbuzi!" akapiga kelele Namweta, na sauti yake ilikuwa imekatika kwa furaha.

Mbuzi akaletwa, anapinga kwa miguu yote minne. Akapitishwa mara ya kwanza, jiwe kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu mbuzi akaruka makusudi akatua kwa kishindo, maana alikuwa anatetea maisha yake. Jiwe kimya.

Vigelegele! Ngoma! Kiangi mpole akaruka juu kuliko mbuzi. Ikawa sheria tangu siku hiyo: jiwe la bi harusi huwekwa juu ya mlango wa pimbi, wala haliwekwi ndani yake. Wake wote walioning'inia bila ndoa wakashuka mtoni kutafuta mawe marefu, na waume zao wakawafuata nyuma wakiposa upya, kila mtu na maneno yake. Nasero alimfanya Jumbe apose mara tatu. Mara mbili za kwanza alisema sauti haisikiki vizuri.

Jioni hiyo Nakijwa alipanga mafiga yake, Namweta akamletea kaa la moto kutoka kwenye moto wake mwenyewe, kwenye kigae.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema Namweta. "Nilikuwa naisikia tu methali hiyo. Pokea moto, mwanangu."

"Leo huniiti binti wa bondeni, mama?"

"Binti wa bondeni yuko wapi? Mimi simwoni hapa." Safari hii hakugeuka upande.

Na asubuhi yake, jua lilipotoka, Nakijwa alipita ukutani akienda kuchota maji. Akainama kwenye mlango wa mwisho, chini ya jiwe lake.

"Hodi," akasema Nakijwa.

Pimbi mzee akatoa kichwa, masharubu makavu, na wanawe wakajaa chini ya kidevu chake.

"Hodi ya nini tena?" akasema pimbi. "Pita, mwenyeji."

Enyi mnaonisikiliza, hili mliweke mfukoni: usiuzibe mlango wa mwenzio kwa jiwe la nyumba yako. Na yule aliyesema mji wa Jiweni una mapengo, mwambieni hajui urembo. Ule ni mwanya. Hata mimi ninao, tazameni, na mimi bibi yenu niliposwa na watu watatu.

Nani anauliza habari za mbuzi? Nilijua kuna mtoto atauliza. Mbuzi aliliwa, mwanangu. Hii ni ngano ya pimbi.

Ngano yangu imepanda, imefika kizingitini, mimi naiachia hapo. Iliyo tamu ingieni nayo ndani. Iliyo chungu nirudishieni kesho niitie chumvi. Haya, fukueni viazi.